Natafuta Theluthi Yangu

Wiki iliyopita wameifukia nduwa yetu. Kwa wale ambao hamkukulia kwenye mteremko huu wa Machame, nduwa ni bwawa la udongo. Usiku linajazwa maji ya mfereji, alfajiri linafunguliwa, na watu wananyweshea mashamba yao kwa zamu. Mfereji wenyewe tunauita mfongo. Wetu ulikauka siku nyingi, tangu mabomba yalipokuja, na nduwa ikabaki shimo la vyura na majani ya ng'ombe. Sasa kijana mmoja kakinunua kile kipande, anataka kujenga, kaleta lori la kifusi. Nilikwenda kuangalia. Lori lilipomwaga, tope la chini likafumuka na kutoa harufu yake ile ile: mgomba uliooza, kutu, miguu ya watoto. Nikasimama pale na mkongojo wangu kama mtu aliyefiwa. Kijana akanisalimia shikamoo, kisha akaniuliza kwa adabu kama kuna kitu natafuta. Nikamwambia, "Natafuta theluthi yangu." Akanitazama, halafu akaenda kuniletea kiti.

Simlaumu. Hata mimi nikilikumbuka jambo hilo, na umri wote huu, bado nachoka. Sisemi kuchoka kwa magoti. Nasema kule kuchoka kwa mtu aliyemwelekeza mwenzake njia mara tatu na mwenzake akapotea mara tatu. Tofauti ni kwamba hapa aliyepotea ni mimi.

Shule niliishia darasa la nne, na nisiwadanganye, hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Mambo ya sehemu tulianza kufundishwa la tatu. Mwalimu alichora duara ubaoni akasema huu ni mkate. Ninyi wa rika langu mnakumbuka, mkate tulikuwa tunauona Krismasi, na haukuwa wa duara. Mimi nikaamua kwamba kachora mwezi. Akaukata mwezi wake kwa mistari, akaandika moja juu, akapiga mstari, akaandika nne chini. Kisha akafuta, akaandika moja juu na tatu chini. Nilikaa nyuma ya mtoto mmoja mrefu sana, nikawa naona nusu ya ubao. Lakini nilichokiona nilikielewa kwa njia yangu. Ile moja ya juu haibadiliki, kwa hiyo haina habari. Habari iko chini. Na nne inaizidi tatu. Hilo nililijua hata kabla sijaota meno ya pili. Hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo hakuna aliyenipiga, nikaenda nyumbani na elimu yangu.

Mwaka huo baba alikuwa amefariki, masika. Nyumbani tulibaki mama, mimi na wadogo zangu wawili wa kike. Kaka yetu Eliamani alikuwa akipasua mbao mjini, amepanga chumba Njoro, anapanda kuja kwetu Jumamosi jioni na kushuka Jumatatu alfajiri. Eliamani alikuwa amechumbia binti anaitwa Anaeli, na baba yake Anaeli alikuwa mtu wa masharti. Alisema mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kuwapelekea wakwe ipikwe kwa ulezi wa shamba letu wenyewe. Ulezi wa kununua sokoni hautaki. Nyumba iliyofiwa na baba, alisema, nitaijua kama bado imesimama kwa kuuonja ulezi wake. Ikishindwa kiangazi hiki, binti ana wachumba wengine. Kwa hiyo mnaona. Mama alipanda ulezi chini ya nduwa, kipande chote, akapiga magoti akaomba, akabaki kungoja maji.

Sasa zamu za maji zilipangwa upya kila kiangazi, kwenye mkutano wa wanaume ukingoni mwa nduwa. Mwanamke hakukanyaga pale. Mama angeweza kuzibeba ndizi hadi Moshi kwa kichwa, angeweza kukata majani ya ng'ombe huko chini uwandani na kuyapandisha mlima huu wote, lakini kusimama ukingoni mwa nduwa siku ya mkutano, hapana. Mkutano ulikuwa Alhamisi, Eliamani yuko kwenye mbao. Mama akanivika koti la baba. Lilinifika chini ya magoti. Akaniambia nisikilize vizuri, nisiseme sana, na wakituuliza lolote nikumbuke ulezi.

Mkubwa wa mfongo alikuwa Mzee Ndesario, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini na vijiti viwili mkononi. Vijiti hivyo ndivyo vilivyokuwa serikali yetu. Nduwa ikijaa, kijiti kinasimamishwa ndani ya maji, na kina alama zilizochongwa kwa kisu. Maji yakishuka alama moja, zamu ya nyumba ya kwanza imekwisha, ya pili inafungua. Alama za chini zilikuwa na hasara kidogo maana nduwa ni pana juu na nyembamba chini, lakini kila wiki watu walibadilishana, anayeanza leo anamalizia kesho, na hakuna aliyelalamika. Watu hawa hawakusoma, lakini walijua kugawana. Mwenye kusoma nilikuwa mimi.

Mzee Ndesario akasema kwamba nafasi zimebaki mbili. Kuna nafasi Jumanne na kuna nafasi Ijumaa. Jumanne nyumba moja itachukua moja ya tatu ya nduwa. Ijumaa nyumba moja itachukua moja ya nne. Na kwa kuwa nyumba yetu imefiwa, sisi tunachagua kwanza. Hiyo ilikuwa heshima kubwa, wazee wote walitikisa kichwa. Akaviinua vijiti vyake. Kimoja kina alama tatu, kingine kina alama nne. Jamani, sikuhitaji hata kufikiri. Nilinyoosha kidole nikasema, kwa sauti ya koti la baba, "Nyumba yetu inachukua moja ya nne."

Pakawa kimya. Nilidhani wananionea wivu. Mtu aliyesimama nyuma yangu akaidaka ile nafasi ya Jumanne kabla sijashusha mkono. Mzee mmoja anaitwa Kiwia, jirani yetu wa mpakani, alinitazama, akatema mate pembeni, akaondoka. Na hakuna hata mmoja aliyesema, mtoto, fikiri tena. Hapa ndipo ninapochokeshwa na wazee wetu, Mungu awarehemu. Desturi ilikuwa kwamba mtu akishachagua kwa niaba ya nyumba yake hasahihishwi mbele ya watu. Kumsahihisha ni kusema nyumba ile haina mtu. Basi kwa kutuheshimu wakaacha tufe kiu.

Nilipanda nyumbani nikikimbia. Mama alikuwa anapika kiburu, ndizi na maharage, anasonga. Nikamwambia nimewashinda wote.

"Umewashinda vipi?"

"Tumepata Ijumaa, moja ya nne. Ile ndogo ya moja ya tatu nimewaachia."

Mama aliutoa mwiko chunguni akasimama nao, unadondosha. "Ijumaa ziko nyumba ngapi?"

"Nne."

"Na Jumanne?"

"Tatu."

"Na nduwa ni ile ile."

"Nduwa ni ile ile, mama, lakini nne inazidi tatu."

Alifumba macho. Alianza kunieleza, pole pole, kwamba chungu kimoja kikiliwa na watu watatu na kikiliwa na watu wanne si sawa, na mimi nikamkatiza. Nilisema neno ambalo ningekuwa na uwezo ningerudi nikalichukua pale jikoni nikalimeza. Nilisema, "Mama, wewe hujasoma."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema, "Kweli, sijasoma," akarudisha mwiko chunguni. Kisha akaniuliza leo nataka moja ya ngapi ya kiburu. Nilifurahi kwamba amekubali kujifunza. Nikamwambia moja ya nane. Akachora mistari juu ya kiburu kwa ncha ya mwiko, mistari minne ya kupitana, vikatokea vipande vinane, akachota kimoja akaniwekea. Kilichobaki akawagawia wadogo zangu na kuweka cha kesho. Nililala nusu njaa, nikijua mama ana hasira na kwa hasira yake kanipunja. Kesho yake akaniuliza tena. Ili kufidia, nikasema moja ya kumi na mbili.

Najua mnavyojisikia. Mama naye alijisikia hivyo. Alikaa kwenye kigoda akajishika kichwa, akawaambia wadogo zangu, "Huyu ndiye tumemvika koti." Lakini alichora. Mistari ya kumi na mbili, akanipa kile kijiko. Jumamosi Eliamani alipopanda kutoka mjini alinikuta nakula kidogo kama kuku. Akaelezwa. Kaka yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alikwenda shambani, akarudi, akasema kilichochaguliwa kimechaguliwa, tusubiri. Akaniongezea kiburu kutoka sahani yake mama alipogeuka, na hata hapo mimi sikuunganisha kitu na kitu.

Wiki zikapita. Ijumaa tulifungua lango letu, yaani kuondoa kipande cha mgomba na udongo, maji yakaingia shambani yakafika katikati, na kabla hayajafika chini alama ikawa imeisha. Mwenzetu wa pili anagonga jembe kwenye jiwe, zamu yake. Upande wa chini ulezi ukaanza kugeuka rangi, kwanza kama limau, halafu kama karatasi. Eliamani kila Jumapili baada ya kanisa alikwenda kuupima kwa kiganja, na haukupanda kiganja. Nyumbani hakuna aliyetaja jina la Anaeli. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulielewa: Mzee Kiwia aliacha kutusalimia. Mama akimpita njiani na mzigo wa majani, yeye anaangalia mlimani kana kwamba theluji ya Kibo imeanza leo.

Ndipo nikaona mimi ndiye mwanamume, nitengeneze. Tatizo nililijua: maji hayatoshi. Kwa hiyo moja ya nne haitoshi. Kwa hiyo tunahitaji kubwa zaidi. Nikavaa koti peke yangu, bila kumwambia mama, nikaenda kwa Mzee Ndesario asubuhi moja, nikamkuta anapunguza machipukizi ya migomba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Mzee, nimekuja kuomba. Moja ya nne imetushinda. Naomba utupe moja ya sita."

Aliacha kupogoa. Akaniomba nirudie. Nikarudia, na nikaongeza kwamba kama ya sita haipo, hata ya tano tutashukuru. Mzee Ndesario alikaa chini, juu ya gogo la mgomba, akaniangalia kwa muda mrefu kama mtu anayemwangalia ng'ombe aliyepanda mti.

"Siku ile," akasema, "mama yako ndiye aliyekutuma uchague Ijumaa?"

"Hapana. Nilichagua mwenyewe. Nne inazidi tatu."

Alitoa pumzi yote. Kumbe, wenzangu, mlimani kote watu walikuwa wanajua kitu kingine kabisa. Baba na Mzee Kiwia waligombana mwaka wa mwisho wa uhai wa baba, kwa ajili ya masale ya mpakani. Masale, kwa asiyejua, ndiyo mimea tunayopanda kuonyesha kihamba hiki, yaani shamba la ukoo, kinaishia wapi. Baba alisema sale moja limesogezwa, Kiwia akasema halikusogezwa, baba akafa wakiwa hawasemezani. Na Jumanne ilikuwa siku ya Kiwia. Kwa hiyo nilipoikataa theluthi mbele ya watu wote, nikaenda kuchukua robo, hakuna aliyewaza kwamba nimekosea hesabu. Nani angewaza hivyo, mtoto wa shule? Waliwaza kwamba mjane amekataa kuchangia maji na Kiwia, hata kwa hasara. Kiwia mwenyewe aliwaza hivyo. Aliwaza tunamwita mwizi wa mpaka mbele ya wazee.

Mzee Ndesario aliingia ndani akatoka na vijiti vyake. Akavilaza chini, kimoja kando ya kingine. Nakumbuka kuku akaja kudonoa, akamfukuza kwa mguu. Hakunieleza kitu. Aliniambia niweke kiganja kati ya alama na alama kwenye kijiti cha alama tatu. Kiganja kikaingia na vidole vikabaki na nafasi. Akaniambia niweke kwenye kijiti cha alama nne. Kiganja kikajaa, vidole vikapanda juu ya alama. Vijiti ni urefu mmoja. Nikahamisha mkono huku na huku mara nyingi, nikitegemea mahali fulani vitabadilika. Kisha akachukua kisu, akagawa kila nafasi ya kile cha tatu katikati, zikawa sita.

"Weka sasa," akasema. "Hiyo ndiyo uliyokuja kuomba."

Vidole viwili. Nilikaa pale chini nikiwa na vidole viwili kwenye kijiti, na kiburu chote ambacho sikula kikarudi mbele ya macho yangu, mstari kwa mstari. Nikamuuliza mzee kwa nini siku ile hawakuniambia. Nilikuwa nalia, nisifiche, tena kwa hasira.

"Hukuuliza," akasema. "Ulichagua."

Mpaka leo jibu hilo linanichemsha damu. Lakini alinyanyuka, akaenda mpakani mwake mwenyewe, akachuma jani la sale, akalifunga fundo, akanipa. Mnajua maana yake. Jani hilo likiletwa kwako limefungwa fundo, umeombwa msamaha, na mlimani kwetu hakuna anayeweza kulikataa akaendelea kuitwa mtu. Aliniambia nilishike kwa mikono miwili. Tukaenda kwa Mzee Kiwia pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na koti linazoa vumbi.

Mzee Kiwia alilipokea lile jani. Akaambiwa nizungumze mimi. Nikasema kwamba siku ile sikumkataa yeye, sikujua hata Jumanne ni ya nani, nilichagua nne kwa sababu niliona inazidi tatu.

"Ni hesabu tu?" akauliza.

"Ni hesabu, mzee."

Aligeuka kwa Ndesario. "Wiki zote hizi nakula hasira asubuhi na jioni, kumbe ni hesabu." Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo mlima mzima akaambiwa haukuwa wake. Nilidhani atacheka. Hakucheka, alichukia zaidi kidogo, alimlaani mwalimu wangu, akazilaani shule zote, na baadaye akauliza ulezi ukoje. Ndesario akamwambia. Kiwia akalizungusha jani mkononi, akasema baba yangu alikuwa mbishi, na hata yeye ni mbishi, na sale lile huenda lilisogea kwa mvua. Halafu akasema theluthi yake ya Jumanne ataikata nusu kwa nusu na sisi, mpaka ulezi ukomae. Ndesario akaniangalia kwa pembe ya jicho.

"Nusu ya theluthi ni moja ya ngapi?"

Nikahesabu alama kwenye kijiti. "Moja ya sita."

"Basi umepata ulichoomba," akasema. Nikamwambia Mzee Kiwia aika mbe, ndiyo asante ya kwetu, nikakimbia.

Nilimkuta mama anatwanga. Nikamwambia kwa pumzi moja kwamba tumepata moja ya sita. Mchi ukamponyoka. Akakaa chini palepale juu ya makapi, akasema kwa sauti ndogo sana, "Na ile ya nne umeipeleka wapi?" Alidhani nimebadilishana. Alidhani nimekwenda peke yangu, na koti la baba, nikaibadilisha robo kwa kitu kidogo kuliko robo. Ilinichukua muda kumweleza kwamba robo ipo, na sita imeongezeka juu yake, na kwamba Mzee Kiwia ndiye aliyeitoa. Nikaokota vijiti viwili vya kuni, nikamwonyesha kwa kiganja. Alitazama mpaka mwisho, ingawa alikuwa anayajua haya tangu kabla sijazaliwa. Jioni hiyo Kiwia alimsalimia mama njiani, na mama akatua mzigo wake wa majani ili amwitikie vizuri.

Ukijumlisha robo na moja ya sita unapata zaidi ya ile theluthi niliyoikataa. Nimelijua hilo uzeeni, kwa kumenya ndizi na kuzipanga mezani. Lakini maji hayakuwahi kila mahali. Upande wa chini ulezi ulikufa, upande wa juu ukapona, ukatoa mashuke mafupi mekundu. Mama akauvuna kwa kisu, akauchipusha, akausaga, akapika mbege. Baba yake Anaeli alionja, akanyamaza kwa muda ambao Eliamani alisema baadaye ulikuwa mrefu kuliko kiangazi chenyewe. Akasema, "Ni hafifu. Lakini ni wa kwao." Akapitisha kibuyu kwa ndugu zake.

Tuliporudi nyumbani kutoka kwa wakwe, mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Walikuwepo Mzee Ndesario, Mzee Kiwia na watu wake, kaka, wadogo zangu, na majirani wa mfongo. Mama alikuwa amekaa na kisu mbele ya nyama, juu ya majani ya mgomba, anawagawia watoto. Zamu yangu ikafika. Alininyanyulia macho mbele ya wote, na Ndesario akaacha kutafuna.

"Wewe," mama akasema, "leo unataka moja ya ngapi?"

Niliangalia nyama. Nikaangalia watoto waliojipanga nyuma yangu, nikaangalia mlangoni kama kuna wengine wanakuja.

"Kwanza mama," nikasema, "tuko wangapi?"

Mama alishusha pumzi, ile anayoishusha akitua majani kichwani, akakata kipande bila kuchora mistari. "Keti," akasema. "Keti ule."